Salimu, Moreau na Viota vya Amani

Watoto wa shule wanaopanda Amani, milimani Usambara, kutoka Muheza huonyeshwa bustani ya mimea na majengo ya Wajerumani, waliofungua kituo chao cha utafiti hapo mwaka 1902. Mimi ninayewapeleka huwaambia watazame juu pia, kwenye matundu ya miti mikubwa.

Mwaka 1928 alihamia hapo Mwingereza Reginald Moreau, aliyekuwa mkaguzi wa hesabu za serikali huko Cairo. Shahada ya chuo kikuu hakuwa nayo. Alikuwa na mkewe Winifred, aliyependa ndege kama yeye, na baadaye akampata msaidizi wa kazi hiyo ya ndege, Salimu Asmani.

Wataalamu wengi wa enzi hizo waliwapiga ndege risasi, wakawachuna, ngozi zikasafirishwa hadi makumbusho ya Ulaya. Moreau naye alikusanya ngozi. Ila alitaka pia kujua ndege akiwa hai anaishije, akawafundisha wasaidizi wake Waafrika kukaa chini ya kiota tangu alfajiri hadi jua kuzama: nani kaleta chakula, saa ngapi, jike kaatamia kwa muda gani. Chukua mfano wa hondohondo. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupenya mdomo tu. Dume humbebea matunda kooni na kuyacheua moja moja, wiki baada ya wiki, mpaka kinda akomae. Bwana na Bibi Moreau waliyachapisha hayo mwaka 1941. Kila ninapoyasoma namfikiria aliyekaa pale shingo juu, mvua ya Usambara ikimnyeshea.

Kutokana na uvumilivu wa namna hiyo, mwaka 1944 Moreau alionyesha kwamba ndege wa karibu na ikweta hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa mbali nayo. Kwa nini? Swali hilo lilimshughulisha sana David Lack wa Oxford, na wanabiolojia wanalijadili hadi leo. Moreau mwenyewe alihamia Oxford, akahariri jarida la Ibis kuanzia 1946 hadi 1960.

Ndege mmoja wa Usambara anaitwa kwa jina la Moreau. Mwingine, wa Uluguru, kwa jina la Winifred. Salimu ameandikwa vizuri na mwanahistoria Nancy Jacobs katika kitabu cha mwaka 2016, kwa Kiingereza. Nataka wajukuu wa Amani wamsome kwa Kiswahili, darasani, kama mtaalamu wa ndege, maana ndivyo alivyokuwa.