Kwa Nini Fundi wa Eastlands Hakutozi kwa Saa

Ukishajulikana kwenye ploti kwamba wewe ni mtu wa kompyuta, basi utaulizwa kuhusu kila kitu kinachotumia stima. Swali ninaloulizwa sana si la virusi wala la intaneti. Ni hili: friji imekataa kugandisha, fundi anataka elfu nne na mia tano, je, hiyo ni bei au ni wizi?

Nimeona nijibu kwa historia. Bila historia bili ya fundi haieleweki.

Tuanze na nyumba zenyewe. Kaloleni ilijengwa na baraza miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na waliokaa humo walikuwa wapangaji. Mtu wa wakati huo akiwa na chombo cha kisasa nyumbani, kilikuwa redio. Baadaye zilipoingia redio za transista, nyingi zilitumia betri kavu (na wengi wetu tumeona betri zikianikwa juani zipate nguvu ya taarifa moja zaidi). Chombo kimoja, hitilafu chache, bili ndogo.

Mambo yalibadilika miaka ya 1970. Buruburu ilianza kujengwa kwa awamu na nyumba zikauzwa kwa mkopo kwa watu wenye mshahara. Umoja ilijengwa kwa msaada wa Marekani. Dandora ilianza mwaka wa 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ulipewa kiwanja chenye maji na choo, ukajijengea mengine. Sasa Eastlands ikawa na wenye nyumba. Mwenye nyumba hununua jiko la stima, pasi, runinga, halafu friji. Na kila kinachonunuliwa kitaharibika siku moja.

Mafundi walitoka wapi? Mtafiti wa Uskoti, Kenneth King, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mafundi wa Kenya. Ujuzi mwingi ulipita kutoka karakana za Wahindi kwenda kwa Waafrika walioajiriwa humo, ambao baadaye walitoka wakajitegemea. Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ilikuwa imeiambia serikali kwamba watu hawa wasio na leseni wala mabati juu ya vichwa vyao si wavivu, ni sehemu ya uchumi. Serikali ilichukua muda kusikia. Mnamo Novemba 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, akaahidi kuwajengea vibanda, na jina jua kali likaanza kuingia katika karatasi za serikali.

Hapa ndipo penye jibu la bei, kwa maoni yangu. Fundi aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake hana cheti cha kutundika ukutani. Mteja hana namna ya kupima ujuzi wake. Ukimwambia mtu wa Buruburu kwamba unataka shilingi elfu mbili kwa sababu ulifikiri kwa dakika arobaini, atakufukuza. Ukimwambia kwamba spea moja inagharimu elfu mbili, atalipa. Basi ujuzi ukafichwa ndani ya spea. Kapasita ya makumi ya shilingi ikageuka kuwa ya elfu. Si lazima uite hiyo wizi. Ni ankara iliyoandikwa kwa lugha ambayo mteja anaikubali.

(Sisi waandika programu tunaijua hali hii. Mteja anafurahi kulipia "mfumo mpya", lakini mwambie alipie siku tatu za kutafuta kosa la herufi moja uone.)

Athari yake ni kwamba kila mtu anashuku spea. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kumlipa fundi ada ya kukagua, hata ndogo, mkikubaliana kabla hajafungua. Ukilipia ukaguzi peke yake, hana sababu ya kuuficha ndani ya kitu kingine. Ushauri wa pili: omba spea ya zamani irudishwe mkononi mwako.

Miaka ya 1990 ilileta pigo kwa fundi na nafuu kwa mnunuzi. Vikwazo vya kuagiza bidhaa kutoka nje vililegezwa, na Nairobi ikajaa vyombo vipya vya bei ya chini pamoja na vile vilivyokwisha kutumika Ulaya na Ghuba. Nani amesahau Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyokubali hata betri ya gari? Tangu hapo bei ya ukarabati ikapata dari: haiwezi kukaribia bei ya kitu kipya.

Kisha ukaja ukame na mgao wa stima wa 1999 na 2000. Stima inapokatika si tatizo kubwa kwa chombo. Tatizo ni inaporudi. Volti hupanda ghafla, na kompresa ya friji ikilazimishwa kuanza kabla mgandamizo wa gesi haujatulia, hukwama na kuchemka. Kile kisanduku cha kulinda friji hufanya mambo mawili tu: hukata stima volti zikitoka nje ya kiwango, na husubiri dakika chache kabla ya kuwasha tena. Kompresa ndiyo spea ghali kuliko zote kwenye friji. Sijui bima iliyo rahisi kuliko hiyo.

Turudi kwa elfu nne na mia tano. Neno linaloandikwa kwenye bili ni "kujaza gesi", na neno hilo limewagharimu watu pesa nyingi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi akijaza bila kuziba, utamwita tena baada ya miezi michache, na utalipa tena. Kwa hiyo usiulize gesi ni pesa ngapi. Uliza kama ametafuta tundu, kama ameziba, kama amebadilisha filta, na kama amevuta hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza. Akijibu ndiyo kwa yote manne na ukamwona akifanya, kazi hiyo ina haki ya kuwa ghali. Akija na mtungi peke yake, hata nusu ya bei hiyo ni nyingi. Na tundu likiwa ndani ya ukuta wa friji, kwenye ile povu ngumu, mara nyingi haifai kuendelea.

Hata gesi yenyewe ina historia. Friji za zamani zilitumia R12, ambayo iliharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliipiga marufuku hatua kwa hatua, na nchi kama Kenya zilitakiwa ziwe zimeiacha kufikia mwaka wa 2010. Ikaja R134a, isiyogusa ozoni lakini inayopasha dunia joto mara zaidi ya elfu moja kuliko hewa ya kaboni. Friji mpya nyingi sasa zina R600a, ya ukoo mmoja na gesi ya kupikia. Inawaka! Inatiwa gramu chache tu, kwa mizani, na moto wa kulehemu hauwashwi kabla haijatolewa. Aina imeandikwa kwenye kibandiko cha kompresa. Soma kabla fundi hajafika.

Runinga nitaipitia haraka. Zile za kioo kinene zilitengenezwa kipande kwa kipande, na fundi mzuri alizifufua mara nyingi. Hata matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka wa 2015 hazikufa, zilivalishwa king'amuzi. Runinga bapa ni habari nyingine. Taa za nyuma zikiungua, au kapasita zikivimba, inatengenezeka kwa bei ya kawaida. Kioo kikipasuka, bei ya kioo kingine hukaribia ya runinga mpya, na hakuna fundi wa Umoja wala wa Luthuli Avenue atakayebadilisha hesabu hiyo.

Lakini runinga iliyopasuka haiendi moja kwa moja jalalani Dandora. Fundi atataka kuinunua, kwa sababu ya bodi zilizomo: ndizo spea za runinga ya jirani yako. Kabla ya kukubali bei, chomeka uone kama inatoa sauti. Yenye sauti na isiyo na sauti haziuzwi bei moja.