Kumlaza Mtoto Mchanga Kifudifudi Akiwa Macho: Mambo ya Kuzingatia kwa Wazazi wa Jiji la Arusha na Wilaya ya Arumeru

Mtoto mchanga analala chali, anacheza kifudifudi. Sentensi hiyo fupi ndiyo msingi wa elimu inayopaswa kumfikia kila mzazi na mlezi tangu siku za mwanzo baada ya kujifungua. Kulala chali humlinda mtoto dhidi ya kifo cha ghafla usingizini. Kulazwa kifudifudi akiwa macho, huku mtu mzima akimwangalia, humjengea misuli ya shingo, mabega, mgongo na mikono ambayo ataitumia kugeuka, kukaa, kutambaa na hatimaye kutembea.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu mazoezi ya mwili, kukaa bila kujongea na usingizi kwa watoto wa chini ya miaka 5 unaeleza kuwa mtoto ambaye bado hawezi kujisogeza anahitaji walau dakika 30 za kulala kifudifudi kwa siku akiwa macho. Dakika hizo hazitolewi kwa mkupuo mmoja. Hugawanywa katika vipindi vifupi vya mchana kutwa. Mwongozo huo unaongeza jambo linalowagusa moja kwa moja akina mama wa mkoa huu: mtoto asifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kiti, kigari au mgongoni mwa mlezi, kwa zaidi ya saa moja mfululizo.

Suala la mgongoni linahitaji maelezo. Mbeleko ni malezi mema. Mtoto hupata joto la mama, husikia sauti yake na huona dunia akiwa wima. Hakuna anayemtaka mama anayeuza ndizi katika Soko la Kilombero au gulioni Tengeru aiache. Kinachoshauriwa ni kumfungua mtoto kila baada ya muda, kumnyoosha viungo, na pakiwepo mahali safi, kumlaza kifudifudi kwa dakika chache kabla ya kumbeba tena. Mtoto anayeshinda mgongoni, kisha akalala chali usiku kucha, hukosa nafasi ya kusukuma mikono yake dhidi ya kitu kigumu, na kisogo chake kinaweza kubapa kwa kuegemea upande mmoja muda wote.

Hapa nchini, eneo hili la malezi linaingia katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 na kuandaliwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Programu hiyo inawahusu watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8 na inasimamia mambo matano kwa pamoja: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kumlaza mtoto kifudifudi na kuzungumza naye hugusa zaidi ya jambo moja kati ya hayo, tena bila gharama yoyote.

Kuanza

Zoezi linaweza kuanza siku za kwanza kabisa kwa mtoto aliyezaliwa kwa muda wake na asiye na tatizo la kiafya. Mahali pa kwanza ni kifua cha mama au baba. Mzazi hujilaza nusu, akiegemea mto au ukuta, na kumweka mtoto kifuani tumbo kwa tumbo. Mtoto atajitahidi kuinua kichwa ili aone uso wa mzazi, na juhudi hiyo ndiyo zoezi lenyewe. Kitovu kisichodondoka hakizuii jambo hili, mradi kiwe kikavu na kisikandamizwe na nepi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kumwachia baba kazi hii, na akina baba wengi hugundua kuwa ni njia nyepesi ya kuzoeana na mtoto ambaye kwa kiasi kikubwa yuko mikononi mwa mama na bibi.

Dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, zinatosha mwanzoni. Wakati mzuri ni baada ya kubadilishwa nepi au baada ya kuamka. Akiwa ametoka kunyonya, asubiriwe mpaka acheue na maziwa yatulie, kwani tumbo lililojaa likikandamizwa huleta kutapika. Muda huongezwa kidogo kidogo kadiri anavyozoea.

Watoto wengi hulia mwanzoni. Akilia, ageuzwe, abembelezwe, kisha ajaribiwe tena baadaye. Mlezi anayelala sakafuni uso kwa uso na mtoto, akiimba au kumwita jina, hupata dakika nyingi kuliko anayesimama pembeni. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimeta 20 hadi 30 hivi, na huvutiwa na rangi zinazopingana. Pindo la kanga nyeusi na nyeupe likitandazwa vizuri mbele yake linamtosha. Hahitaji mwanasesere wa dukani.

Wapo wazee wanaohofia kuwa shingo ya mtoto itaumia. Hofu hiyo inatokana na upendo na inastahili kujibiwa kwa heshima: shingo haiumizwi na mtoto kuinua kichwa mwenyewe akiwa kwenye sehemu tambarare. Inayoumiza ni kumnyanyua kwa kumvuta mikono au kumrusha juu bila kukishika kichwa.

Mahali pa kuchezea

Sehemu salama ina sifa mbili kuu: iwe ngumu na iwe tambarare. Kitanda, kochi na godoro laini havifai, kwa sababu mtoto ambaye bado hawezi kugeuza kichwa vizuri anaweza kuzamisha pua na mdomo akakosa hewa, na kwa kitanda kuna pia hatari ya kuanguka. Sakafuni hakuna pa kuanguka.

Katika nyumba ya sakafu ya saruji, tandika mkeka, juu yake blanketi lililokunjwa na kunyooshwa lisiwe na mikunjo, kisha kanga safi. Katika nyumba ya sakafu ya udongo, ambazo bado zipo katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, ni vyema kuanza na turubai linalozuia unyevu na vumbi, ndipo mkeka ufuate. Kingo za turubai zifichwe chini ili lisifike usoni mwa mtoto. Pale ambapo kuku au mbuzi huingia ndani, tandiko hilo lisiachwe chini siku nzima: likunjwe, lianikwe juani na litumike kwa mtoto peke yake. Sakafu ifagiliwe na kunyunyiziwa maji mapema kabla ya kutandika, kwani funza na viroboto hupenda vumbi.

Tahadhari ya pekee inahusu viroba. Kaya nyingi za wakulima wa kahawa, mboga na maua kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River hutumia tena mifuko ya salfeti kama tandiko. Mfuko uliowahi kubeba mbolea au dawa ya kuulia wadudu usitumike kwa mtoto hata ukifuliwa mara ngapi. Vivyo hivyo, mzazi aliyetoka kupulizia dawa shambani aoge na kubadili nguo kabla ya kumlaza mtoto kifuani.

Arusha ina hatari nyingine ndogo ambayo haionekani kwa haraka. Wanawake wengi hutunga shanga nyumbani, na shanga na sindano huangukia kwenye mikeka hiyo hiyo. Mtoto wa miezi minne anayeanza kushika vitu huvipeleka mdomoni moja kwa moja. Tandiko la kazi na tandiko la mtoto yawe mawili tofauti. Punje za mahindi, maharage na vifungo vya nguo viko kwenye kundi hilo hilo.

Kipupwe na jiko la mkaa

Jiji la Arusha liko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Vijijini juu zaidi baridi huwa kali kuliko hapo. Ni kipindi ambacho baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani. Jambo hili ni hatari kuliko mengine yote yaliyotajwa katika makala haya. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa kikijaa gesi hiyo huua watu wazima na watoto wakiwa usingizini. Mtoto aliyelazwa sakafuni yuko pia karibu na moto, majivu na sufuria ya maji ya moto.

Badala ya jiko, tumia jua. Kuanzia saa 3 au saa 4 asubuhi, sehemu ya chumba inayopata mwanga hupata joto la kutosha kwa zoezi la dakika chache. Mtoto avalishwe nguo za kumpa joto lakini asifungwe mablanketi na masweta mazito yanayomzuia kusogeza mikono. Asiwekwe kwenye jua kali wala kwenye upepo wa mlangoni.

Nani amwangalie

Mtoto aliyelala kifudifudi haachwi peke yake, hata kwa muda wa kwenda kuipua chungu. Kaka au dada wa miaka sita au saba anaweza kushiriki kwa kuimba na kuchezesha, lakini usimamizi ni wa mtu mzima. Mtoto akisinzia, ageuzwe chali mara moja na kupelekwa mahali pake pa kulala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja, na baada ya kurejea kazini inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Maana yake ni kwamba mama mwajiriwa hurudi kazini mtoto akiwa na takribani wiki 12, wakati zoezi hili linapoanza kuleta matunda. Bibi, dada wa kazi au kituo cha kulelea watoto afundishwe kwa vitendo kabla ya siku hiyo.

Kufuatilia ukuaji

Mahudhurio ya chanjo ya wiki 6, 10 na 14 ni nafasi nzuri ya kumuuliza mtoa huduma. Kwa kawaida, karibu na wiki ya 6 mtoto huinua kidevu kwa muda mfupi na kugeuza kichwa. Kufikia wiki ya 14 wengi hujiinua kwa kuegemea mikono. Kati ya miezi 4 na 6 huanza kugeuka. Watoto hutofautiana, na aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kwa mtoto huyo, mzazi apate kwanza ushauri wa wahudumu waliomtunza.

Mtoto apelekwe kituoni bila kusubiri tarehe ya kliniki iwapo katika miezi 3 hawezi kabisa kuinua kichwa, mwili wake umelegea au umekakamaa kupita kiasi, anatumia mkono mmoja tu, anageukia upande mmoja siku zote, au kichwa chake kinakua haraka isivyo kawaida. Kutoka zahanati na kituo cha afya, rufaa huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru, na zaidi ya hapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC mjini Moshi. Mzazi aende na kadi ya kliniki ya mtoto, na akumbuke kumweleza mtoa huduma iwapo mtoto alichelewa kulia alipozaliwa au aliugua manjano.