Oksidi ya alumini: Ngao ya sufuria, hatari ya vumbi

Oksidi ya alumini hutokea alumini inapoungana na oksijeni. Sufuria ya alumini haishiki kutu kama chuma kwa sababu imefunikwa na tabaka jembamba mno la oksidi hiyo, ambalo hujijenga upya kila linapokwaruzwa. Hata hivyo, vyakula vyenye asidi, kama vile nyanya na ukwaju, hulila tabaka hilo polepole, hivyo haifai kuvilaza sufuriani.

Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye daraja 10, madini yake asilia, yaitwayo korundamu, yapo daraja la 9, nyuma ya almasi. Yakiwa na chembe za kromiamu huwa yakuti nyekundu, kama zile za Taita Taveta. Kwa ugumu huo, oksidi hii hutengenezewa msasa na mawe ya kunolea. Huyeyuka katika joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ndiposa hutumiwa pia katika matofali ya tanuri na plagi za magari.

Ikiwa kipande kizima, haidhuru. Vumbi lake ndilo huwasha macho na kusumbua mapafu. Fundi wa jua kali anayepiga msasa na avae miwani na barakoa, tena afanyie kazi penye hewa ya kutosha.