Usalama wa programu dhibiti huanzia kwenye maunzi

MNAMO Julai 2015, watafiti wawili wa usalama wa tarakilishi nchini Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walidhihirisha kuwa gari linaweza kuvamiwa likiwa barabarani. Wakiwa mbali, waliliingilia kupitia mtandao wa simu gari aina ya Jeep Cherokee lililokuwa likiendeshwa karibu na jiji la St. Louis na mwanahabari aliyekubali kushiriki jaribio hilo, wakalipunguza mwendo katikati ya barabara kuu. Siku chache baadaye, kampuni ya Fiat Chrysler ilitangaza kuwa magari milioni 1.4 yangerekebishwa.

Mlango uliotumiwa ulikuwa redio ya gari. Ndani yake mlikuwa na chipu ya mawasiliano, na nyingine iliyounganishwa na nyaya zinazopitisha amri za breki, usukani na injini. Chipu hii ya pili ilikuwa imepangwa kusikiliza tu. Watafiti hao waliiandikia programu dhibiti mpya yenye uwezo wa kutoa amri, nayo ikaipokea bila kukagua ilikotoka.

Programu dhibiti ni ile inayohifadhiwa ndani ya kifaa ili kukiendesha tangu kinapowashwa. Hupatikana katika mita za umeme za tokeni, ruta za intaneti, mashine za hospitalini na magari. Kwa kuwa hukaa katika hifadhi inayoweza kuandikwa upya, haiwezi kujilinda yenyewe: anayeibadilisha anaweza pia kuiondoa kinga iliyomo. Ndiyo sababu kinga ya kwanza huwekwa katika maunzi, yaani chipu yenyewe.

Kwanza, chipu huwa na msimbo wa kuanzia ambao huwekwa kiwandani na haubadiliki. Kifaa kinapowashwa, msimbo huo hukagua sahihi ya kidijitali ya programu inayofuata. Sahihi ikiwa halali, programu huruhusiwa kuendelea, nayo hukagua ile iliyo mbele yake. Ikiwa batili, kifaa hukataa kuiendesha.

Pili, chipu huhitaji kumbukumbu ya ufunguo wa kukagulia sahihi hizo. Alama ya ufunguo huo wa umma huchomwa katika fyuzi ndogo zilizo ndani ya chipu, ambazo zikishachomwa hazirudi zilivyokuwa. Ufunguo wa siri unaotia sahihi hauwekwi katika kifaa kamwe; hubaki kwa mtengenezaji chini ya ulinzi mkali.

Tatu, kituo ambacho mafundi hutumia kuchunguza chipu sharti kifungwe kabla ya kifaa kuuzwa. Chipu nyingi za jamii ya STM32, zinazoundwa na kampuni ya STMicroelectronics, zina viwango 3 vya kufunga. Katika kiwango cha 0, kila kitu ki wazi. Katika kiwango cha 1, hifadhi haisomeki kutoka nje, na anayejaribu kurejea kiwango cha 0 huifuta yote. Kiwango cha 2 hufunga kituo hicho moja kwa moja.

Nne, huwekwa kihesabio kisichorudi nyuma, ili mvamizi asirejeshe toleo la zamani ambalo sahihi yake ni halali lakini lina kasoro inayojulikana.

Mpangilio wa hatua hizi ni muhimu. Anayechoma fyuzi kabla ya kujaribu ufunguo wake huenda akabaki na vifaa visivyowaka. Anayeacha kituo cha mafundi wazi humpa mvamizi njia ya kuzikwepa kinga nyingine.

Hata hivyo, msimbo usiobadilika una hatari yake. Mnamo Septemba 2019, mtafiti anayejiita axi0mX alifichua kasoro katika msimbo wa kuanzia wa simu za iPhone, kuanzia 4S hadi X. Kampuni ya Apple haikuweza kuiondoa katika simu zilizokwisha kuuzwa, kwa kuwa msimbo huo hauandikwi upya. Kwa hivyo, msimbo wa kuanzia hufaa uwe mfupi na ukaguliwe kwa makini kabla ya chipu kuundwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika chipu yenye kasoro ya aina hii, hata ukuta haujengeki. Hubidi kubadilisha kifaa kizima.