Hilux ya Gia Nne Kuwekewa Gia Tano: Pima Hivi Vitu Kabla Fundi Hajashusha Giaboksi

- Gia ya tano haiongezi nguvu, inapunguza mizunguko ya injini kwa lami
- Hasara nyingi hutoka kwa propela na klachi, si kwa giaboksi yenyewe
- Usifungue gari kabla kila kitu kiko chini, kimepimwa na kimelipwa

Kama una pikapu ya kitambo inayotoa mbuta Homa Bay kupeleka Migori, hiyo kelele unaijua. Umetoka ziwani, umepita Rodi Kopany, umeingia barabara kuu pale Rongo. Uko gia ya nne na injini inalia. Mkono unaenda kwa gia kutafuta ya tano, na ya tano haiko.

Pikapu mpya ni doh refu, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepitisha miaka minane. Ndiyo maana Hilux za miaka ya themanini bado zinachapa kazi huku kwetu. Na ndiyo maana swali hili haliishi gereji: je, naweza kutoa giaboksi ya gia nne niweke ya tano?

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Lakini omera, samaki hawangoji. Kila siku gari iko juu ya mawe ni siku ya soko imeenda. Soma hii kwanza.

Gia ya tano inakusaidia nini hasa?

Kwa giaboksi nyingi za zamani, gia ya nne ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela nayo inazunguka mara moja. Gia ya tano iko kati ya 0.8 na 0.9, yaani injini inazunguka kidogo kuliko propela.

Tupige hesabu. Tuseme tairi lako likizunguka mara moja linakula mita 2.1, na difu yako ni 4.1. Ukiwa 80 kwa saa na gia ya nne, injini inazunguka karibu mara 2,600 kwa dakika. Weka gia ya tano ya 0.85, inashuka hadi karibu 2,200. Kelele inapungua, joto linapungua, na injini haichoki haraka.

Usidanganywe kwamba mafuta yatapungua kwa kiwango hicho hicho. Upepo na mzigo haujui una gia ngapi. Utasikia tofauti kama safari zako ni lami ndefu na mzigo wa kawaida, kama Rongo kwenda Migori. Kama kazi yako ni murram ya Karungu ama kubeba mawe ya dhahabu Macalder, gia ya tano utaigusa mara chache sana. Hata hapo Awendo, ukiwa nyuma ya trekta za miwa, utarudi ya tatu upende usipende.

Jua difu yako kabla ya kutoa hata shilingi

Hii haihitaji mashine. Paki mahali tambarare, zuia matairi ya mbele kwa mawe, weka gia huru na uachilie handibreki. Inua tairi moja tu la nyuma kwa jeki, kisha uweke stendi. Lile lingine libaki chini.

Chora alama ya chaki kwa tairi na kwa propela. Zungusha hilo tairi lililo juu mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, uko karibu na 4.1. Ikienda nne na nusu, difu yako ni fupi, imepangwa kwa mzigo. Huyo ndiye atafurahia gia ya tano zaidi kwa lami.

Unatafuta giaboksi gani?

Siri ni moja: tafuta giaboksi iliyotoka kwa gari la familia moja na injini yako. Hilux nyingi za dizeli za wakati huo zina injini ya L ya 2.2 ama 2L ya 2.4. Toyota ilitengeneza pikapu hizo zikiwa na gia nne na zikiwa na gia tano, kwa hivyo hujaribu kitu kigeni. Unaweka kile ambacho jirani yako alinunua nacho.

Angalia kibati cha gari. Pale pameandikwa TRANS/AXLE, herufi ni familia ya giaboksi, na kwa zile za zamani tarakimu ya kwanza ni idadi ya gia za mbele. W40 ni nne, W50 ni tano. L50 na G52 pia ni tano.

Kuwa rada na ile ya 4x4. Ukiiona kwa rundo la spea inafanana, lakini nyuma yake inashika kasha la magurudumu manne. Haitaingia kwa pikapu ya kusukumwa nyuma bila kazi kubwa.

Ukikosa Migori ama Kisii, wengi hujaribu Kisumu, na mwisho Nairobi pale Kirinyaga Road. Popote utanunua, usichukue giaboksi peke yake. Dai hivi pia:

- Belihausingi yake na uma ya klachi
- Kile chuma kinachovuka chasi kuishikilia, pamoja na mauntingi
- Shingo ya propela inayoingia nyuma yake
- Fimbo ya gia
- Gia ndogo ya sipidomita

Ukiweza kupata na propela ya gari hilo hilo, umeokoa safari moja ya fundi wa leth.

Na risiti, msee. Namba ya injini na ya chasi hazibadiliki ukibadilisha giaboksi, lakini spea isiyo na risiti inaweza kukuletea maswali ambayo huna majibu yake.

Kagua kabla ya kulipa

Ingiza kila gia moja baada ya nyingine na uzungushe shafti ya mbele kwa mkono. Isikwame, isilie kama kokoto. Shika hiyo shafti uitingishe. Kucheza kidogo ni kawaida, kupiga kelele si kawaida. Fungua nati ya chini utoe oili. Unga laini kwa sumaku ni uzee tu. Ukipata vipande ama jino la gia, achana nayo hata kama bei ni tamu.

Halafu weka klachi yako kwa shafti ya hiyo giaboksi. Meno yakiingia na kuteleza vizuri, poa. Yakikataa, nunua klachi inayolingana. Pima pia ncha ya shafti na beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Zisipolingana, giaboksi haitakaa sawa, na klachi haitaachilia vizuri.

Siku ya kazi

Toa waya wa betri. Inua gari kwa stendi za chuma juu ya ardhi ngumu. Kama ni udongo mweusi, weka mbao pana chini yake. Jeki peke yake si stendi, na matofali hupasuka bila kutoa notisi. Hakuna mzigo wa samaki unaolingana na maisha ya fundi.

Toa fimbo ya gia ukiwa ndani ya gari kwanza. Mwaga oili, chora alama kwa propela na difu ndipo uifungue, kisha toa stata. Egemeza injini kwa jeki na kipande cha mbao chini ya sampu, kwa sababu ikipoteza giaboksi inainama.

Giaboksi inapita kilo 30, kwa hivyo kuwe na watu wawili. Isiachwe hata dakika moja ikining'inia kwa ile shafti iliyo ndani ya klachi. Hapo ndipo sahani ya klachi hupinda, na unakuja kujua baada ya kufunga kila kitu.

Kwa kuwa sasa pamefunguka, badilisha beringi ya klachi, ile ndogo ya flaiwili, na sili ya nyuma ya injini kama inavuja. Kuokoa hapa ni kufungua tena baada ya mwezi.

Kurudisha, panga sahani ya klachi kwa kutumia shafti kuukuu. Giaboksi isukumwe kwa mkono hadi ikutane na injini yenyewe. Ikikataa, usiivute kwa bolti. Masikio ya aluminiamu yatavunjika.

Propela: hapa ndipo watu huumia

Giaboksi ya gia tano mara nyingi ni ndefu kuliko ya nne. Matokeo yake ni mawili: mashimo ya mauntingi yanahama, na propela inakuwa ndefu kupita kiasi.

Usikate propela kwa kukadiria. Funga giaboksi mpya, shusha gari likae kwa matairi yake, ndipo upime. Shingo ya propela ikiingia ndani, ibaki na nafasi ya karibu sentimita 2 kabla ya kugonga mwisho. Gari likibeba na springi zikilala, propela husogea. Bila nafasi hiyo, itasukuma giaboksi kutoka nyuma na kuua beringi.

Kukata na kuchomelea kufanywe kwa leth, na masikio ya krosi za pande mbili yalingane, kisha isawazishwe. Propela iliyochomelewa kando ya barabara itakuwa sawa ukiwa 40, halafu ikifika 70 gari lote linatetemeka kama lina homa.

Mwisho wa kazi

Unganisha waya wa taa za rivasi na kebo ya sipidomita. Linganisha sipidomita na GPS ya simu, kwa sababu gia ndogo isiyo yake inadanganya. Oili ifuate kitabu. Giaboksi nyingi za enzi hiyo zinataka 75W-90 ya GL-4. Jaza hadi ianze kutoka kwa shimo la pembeni, gari likiwa tambarare.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo. Rudi, ingia chini, kaza bolti zote tena na uangalie kama kuna uvujaji.

Na ukishapata gia ya tano, usiiharibu

Kwa gia ya nne, nguvu hupita moja kwa moja. Kwa ya tano, inapitia meno ya pembeni. Ndiyo maana ukipanda kutoka ziwani na barafu na samaki wamejaa nyuma, unabaki ya nne ama ya tatu. Ya tano ni ya tambarare, gari likiwa limeshashika mwendo. Injini ikianza kutetemeka, rudisha gia. Usijichoche.

Na kama giaboksi yako ya gia nne haina shida, difu yako ni ndefu na safari zako ni za murram, jibu la kweli ni moja: badilisha oili, weka hiyo doh kwa matairi, na uendelee na kazi.