Kazi za Ndani Arusha: Uani Walikutana, Getini Hawakutani

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa mlowezi mmoja wa kahawa, Usa River. Alioka mikate kwa jiko la kuni, akapiga pasi ya mkaa, na usiku akarudi chumbani kwake uani, nyuma ya nyumba ya bwana. Huko uani ndiko dobi, mtunza bustani na mpishi wa jirani walikokusanyika kupeana habari: nani kaongezwa mshahara, nani kafukuzwa kisa kikombe kuvunjika.

Wengi hudhani kazi za ndani zimekuwa za wasichana tangu zamani. Sivyo. Wakati wa Mjerumani aliyejenga Boma la Arusha, na wa Mwingereza aliyempokea nchi, jikoni na sebuleni walijaa wanaume, wakiitwa maboi hata wakiwa na wajukuu. Na walijua kujipanga. Kufikia miaka ya 1940, wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao. Desemba 1956, watumishi wa majumbani na mahotelini waligoma. Huku kwetu, hata wasio watumishi walijisemea: Wameru waliofukuzwa kwenye ardhi yao Engare Nanyuki mwaka 1951 hawakungoja serikali iwasemee. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet hadi New York, akaeleza kisa chao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mama wa mjini alipoingia ofisini au darasani kufundisha, wa kubaki na mtoto alitafutwa kijijini: kwanza binti wa ndugu, kisha binti wa jirani ya ndugu, mwishowe binti wa kuletwa na mtu. Arusha wamekuja kutoka Singida, Kondoa, Babati na Mbulu, wakashushwa stendi na mfuko mmoja wa nguo. Mwaka 1967 Azimio lililobeba jina la mji huu lilimsifu mwanamke wa kijijini kwa kufanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku. Binti yake aliyekuja mjini alifanya saa hizohizo, ila nyuma ya geti.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Babu alikuwa na uani. Binti wa leo Njiro au Sakina analala chumba kimoja na watoto, na Jumapili anabaki kulinda nyumba. CHODAWU, chama kinachotetea wafanyakazi wa majumbani, kitampataje mwanachama asiyetoka? Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri. Ile ya 2022 ikakipandisha hadi 60,000. Wengi niliozungumza nao hawakuwahi kukisikia.

Mimi huandaa kipindi cha redio, na ndiyo maana naandika haya. Binti mmoja alinitumia sauti aliyorekodi kwa simu ya kuazima. Hakuhojiwa na mtu. Alirekodi siku yake. Saa kumi na moja alfajiri, komeo la geti. Kisha maji yanajaa ndoo, sufuria linagonga jiko, honi ya gari la shule, na mtoto anapiga kelele: "Dada, soksi zangu ziko wapi?" Mwishoni akasema kwa sauti ya chini ni miezi mingapi hajalipwa.

Sisi watangazaji tumezoea kumtafuta binti akishachomwa pasi. Ukatili lazima utangazwe, lakini tukimleta hewani kwa machozi tu, msikilizaji humwonea huruma na kusahau kwamba ni mfanyakazi mwenye ujira. Kule Mwanza, Angela Benedicto, aliyewahi kufanya kazi hiyohiyo, alianzisha shirika la WoteSawa, na mabinti wamekuwa wakijisemea wenyewe. Redio za jamii zinaweza kufanya vivyo hivyo, ila kwa tahadhari: usitaje jina, usitaje mtaa, na maneno ya mwenye sauti inayotambulika yasomwe na mwingine, maana mwajiri naye ana redio.

Nchi hii iliwahi kuifanya redio kuwa baraza. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mabinti wanaosikiliza kipindi kimoja, kila mmoja jikoni kwake, wameanza kupata uani wao. Ila redio haitoshi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki. Wewe unayesoma haya na una dada nyumbani, mpe saa hizo, na usimuulize anakwenda kuzungumza na nani.