Kunyonya: Sitiari Iliyogeuka Istilahi

Kazi ya sitiari haiishii katika kuipamba lugha. Sitiari huweza pia kulizalia neno maana mpya. Ulinganisho ukishazoeleka, wasemaji huacha kuuhisi kuwa ni ulinganisho, na iliyokuwa taswira huhesabiwa kuwa maana ya kawaida. Historia ya kitenzi nyonya nchini Tanzania inalithibitisha jambo hili.

Katika maana yake ya msingi, kunyonya ni tendo la mtoto kuvuta maziwa katika titi la mama. Tendo hilo halina lawama: mtoto hana njia nyingine ya kuishi, na mama hutoa kwa hiari. Sitiari ya kisiasa ilihifadhi tendo lenyewe, ikapindua uhusiano wa watendaji. Anayenyonya akawa mtu mzima mwenye nguvu, na kinachonyonywa kikawa jasho la mwenziwe. Taswira zilizoandamana nayo zilitoka katika uwanja uleule: kupe aishiye kwa damu ya ng'ombe, na mirija ambayo wananchi walihimizwa kuikata.

Mnyambuliko wa kitenzi unaonyesha mpaka wa badiliko hilo. Maneno mnyonyaji, unyonyaji na nyonywa yameelekea zaidi kwenye siasa na uchumi, ilhali kauli ya kutendesha, nyonyesha, imebaki kwa mama na mwanawe.

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliipa sitiari hiyo vipimo vya kisera. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Hata hivyo, taswira ilisema zaidi ya masharti. Kupe huchukua tu, hatoi chochote. Mwenye nyumba aliyefananishwa naye hakuonekana tena kuwa aliyejenga. Majumba ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971, neno lilikuwa limekwisha kutoa hukumu ya kimaadili kabla ya sheria.

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti hayo ya uongozi, lakini maana ya neno haikulegea. Mkulima anayepunjwa kwenye mizani na kibarua anayecheleweshewa ujira bado husema kuwa wananyonywa, hata kama hawajapata kulisoma Azimio. Masharti hufutwa na kikao. Maana iliyokwisha kukita katika vinywa vya watu haina kikao cha kuifuta.